[Jamvi] Re: Re: Msaada: jina la NIDA na la cheti haviendani (sasa: sheria zenu)

Kutoka: Binti wa Tanga (Reading)
Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za baridi.

Naomba msaada kwa mwenye uzoefu. Pasipoti yangu inaisha Novemba, na Desemba mdogo wangu anaoa. Mimi ndiye dada mkubwa, kutokwenda hakupo. Nimejaza fomu ya e-pasipoti vizuri tu, nikafika pale pa kuweka namba ya kitambulisho cha taifa (NIN), mfumo ukanigomea. Jina langu la kwanza kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA lina "h" katikati. Kwenye kitambulisho cha NIDA halina. Pasipoti inayoisha inayo, kibali changu cha ukaazi wa kudumu hapa (ILR) kinayo, leseni inayo, hata kadi ya kliniki ya mwaka niliozaliwa, ambayo mama kaitunza kwenye mfuko wa plastiki, inayo. NIDA peke yake.

Nikaenda ofisi husika (kanuni namba 4 ya jamvi, siitaji). Dada wa kaunta alikuwa mstaarabu, akanigeuzia skrini nijionee: jina langu kwa rangi nyekundu, chini yake kisanduku "taarifa hazioani", na kitufe kimoja tu cha kubonyeza, "Rudi". Akasema nirekebishe kwanza kwenye kitambulisho. Kurekebisha kunataka niende mwenyewe nyumbani na vidole vyangu. Kwenda nyumbani kunataka pasipoti. Na kwenda sasa hivi siwezi, likizo imeshapangwa Desemba, meneja wangu mnamjua kwa sifa.

Maswali yangu ni mawili tu:
1. Hati ya kiapo ya hapa UK inakubalika, au lazima hati ya kubadili jina?
2. Nikienda kwa hati ya dharura ya kusafiria (ETD) nikapata pasipoti mpya huko, kuna aliyewahi kuiunganisha na eVisa, kile kibali cha mtandaoni cha hapa, akiwa Dar? Kadi za ukaazi, BRP, ndiyo hivyo tena, zilikufa 31 Desemba 2024, sina cha kuonyesha uwanjani.

Natanguliza shukrani.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumatatu, saa 4:15 usiku

Marahaba binti. Usihangaike, hilo dogo. Kiapo kinatosha: unakwenda kwa wakili yeyote hapo Reading, unaapa kwamba mwenye h na asiye na h ni mtu mmoja, anagonga muhuri, kwisha.

Sisi wa zamani tumepita mengi. Pasipoti yangu ya kwanza iliandikwa kwa kalamu ya wino, na mahali pa kazi karani akaniandika "mkulima". Nilikuwa nakuja kusoma uhandisi. Nilipomwambia, akaniuliza kwetu wapi, nikamtajia, akasema basi si ni walewale. Nimefika Heathrow na barua ya chuo mkononi, ofisa akasoma barua, akasoma pasipoti, akanitazama viganja. Hakuna aliyekufa.

Kwenu Tanga sehemu gani?

Kutoka: Shangazi wa Milton Keynes
Jumatatu, saa 5:02 usiku

> Kiapo kinatosha

Mzee wangu shikamoo, lakini HAKITOSHI. Msimpotezee mtoto wa watu harusi. Kiapo ni cha kueleza tofauti. Ukitaka jina likae sawa unahitaji hati ya kubadili jina, nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati huko nyumbani, si kwa wakili wa Reading ambaye mchana anauza na nyumba.

Yamenikuta. Nilipoolewa nilipeleka cheti cha ndoa cha hapa, nikaambiwa kitafsiriwe. Kikatafsiriwa, na mfasiri akamwandika mume wangu mahali pa shahidi. Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi yenye muhuri iliyoko kabatini kwangu, yule bwana alihudhuria tu. Hivi ninavyoandika shahidi huyo anakoroma.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumatatu, saa 5:20 usiku

Marahaba. Lakini wewe ulikuwa unabadili jina. Huyu habadili, anadai lake. Someni swali kabla ya kujibu.

Kutoka: Kijana wa Slough
Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Shikamooni. Nimesoma haya nikiwa kwenye basi nimecheka mpaka abiria wamehama kiti.

Mimi nipewe Bunge siku moja tu, asubuhi hadi magharibi, sitaki posho. Sheria ya kwanza: ofisi ya serikali MARUFUKU kumwomba mwananchi karatasi iliyotolewa na ofisi nyingine ya serikali hiyohiyo. RITA na NIDA wapigiane simu wao, mimi niko kazini. Sheria ya pili: ofisi ikikaa kimya siku 60, jibu ni NDIYO. Magharibi narudi Slough.

Nyie mngepitisha nini?

Kutoka: Binti wa Tanga (Reading)
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Mzee, ni Muheza. Mdogo wangu Slough, ahsante kwa kunichangamsha, lakini swali la 2 je? Kuna aliyefanya?

Kutoka: Mwanafunzi wa Tartu
Jumanne, saa 4:05 asubuhi

Kaka wa Slough, sheria yako ya kwanza ipo tayari, iko huku Estonia. Tangu 2001 ofisi zao zinabadilishana taarifa kupitia mfumo wanaouita X-tee, na ukishatoa taarifa kwa ofisi moja nyingine hairuhusiwi kukuuliza upya kana kwamba hujazaliwa. Nilipohama nyumba nilibadilisha anwani nikiwa nimelala kitandani. Sikuamini, nikaenda ofisini kuuliza kama imeingia. Mama wa pale akaniangalia kama mtu aliyekuja kuuliza kama jua limechomoza.

Ila dagaa hakuna nchi nzima. Kila nchi na mapungufu yake.

Kutoka: Mkongo wa Lille
Jumanne, saa 6:30 mchana

Bandugu jambo. Miye nasomaka tu huku kila siku, leo naandika. Mtanisamehe Kiswahili cha Bukavu.

Ile sheria ya pili ya kijana, Ufaransa wanayo tangu 2013. Kimya cha ofisi cha miezi miwili ni kukubali. Mzuri sana kwa kusoma. Lakini kuna orodha ya mambo ambayo kimya chake si kukubali, ni ndefu kupita sheria yenyewe, na nani yuko ndani? Ni sisi. Karatasi za ukaaji za mgeni, ofisi ikinyamaza miezi minne, hiyo ni KUKATAA. Kwa hiyo mwenyeji akijibiwa na kimya amepata, mgeni akijibiwa na kimya kilekile amekosa. Kijana, kwenye Bunge lako la siku moja, muda wa kuandika misamaha usiwape.

Kutoka: Kijana wa Slough
Jumanne, saa 6:41 mchana

Ahsante kaka. Sheria ya tatu: hakuna misamaha.

Kutoka: Mkenya wa Birmingham
Jumanne, saa 8:10 mchana

Lakini nyinyi ndugu zetu wa Tanzania, si mpitishe uraia wa nchi mbili muache kulia kila wiki? Sisi tulimaliza hiyo stori na Katiba ya 2010. Nina kitabu cha buluu na kitabu cha hapa, nikifika uwanja wa JKIA Nairobi natoa kile kinachofaa, naenda zangu. Dada akiwa na ya Uingereza, h haingekuwa shida ya mtu.

Kutoka: Shangazi wa Milton Keynes
Jumanne, saa 8:32 mchana

> Sisi tulimaliza hiyo stori na Katiba ya 2010

Mlimaliza kwenye karatasi, bwana mkubwa. Sheria yenu ya 2011 inakutaka utangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu, na kutotangaza ni kosa la jinai. Ulitangaza?

Kutoka: Mkenya wa Birmingham
Jumanne, saa 8:40 mchana

Hiyo ni mambo yangu na serikali yangu.

Kutoka: Mpemba wa Croydon
Jumanne, saa 11:25 jioni

Assalaam alaykum nyote.

Nilikuwa nimejizuia, sasa sijiwezi. Mimi nimechukua uraia wa hapa kwa sababu ya kazi, na Sheria ya Uraia ya 1995 ikanivua wa kwangu kimyakimya, bila barua, bila kunambia kwaheri. Sijaukana mimi. Ukishakuwa mtu mzima ukapokea mwingine, wa kwanza umekwenda. Miaka niliyoishi huku hainiumi. Kinachoniuma ni kikao cha ukoo. Marehemu baba kaacha shamba la mikarafuu. Nimefika, nimevua viatu, nakaa mkekani na wenzangu, ndugu yangu wa tumbo moja akaita kwa sauti kubwa ndani: "Mleteeni Mwingereza kiti." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kiti kikaja kweli, cha plastiki, cheupe. Nikakikalia peke yangu, wao wote wako chini, na mazungumzo ya mipaka yakaendelea hapo kwenye magoti yangu.

Sheria yangu ni fupi: aliyezaliwa huko hageuzwi mgeni ila kwa kusema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya hakimu. Basi.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumanne, saa 1:15 jioni

Pole sana ndugu yangu. Lakini tuwe sahihi. Bunge limerekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi mwaka 2025 ili kutoa hadhi maalum kwa watu kama wewe. Kabla ya hapo, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hakuruhusiwa kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hiyo ni hatua.

Kutoka: Mpemba wa Croydon
Jumanne, saa 1:22 jioni

Mzee, kwa heshima. Sheria ya Ardhi ya 1999 ni ya Bara. Mikarafuu iko Wete. Zanzibar ardhi ina sheria yake.

Na hadhi maalum ni kadi ya mgeni anayependwa. Hupigi kura nayo, na kama wamekupa kwa sheria wanaweza kukunyang'anya kwa sheria.

Kutoka: Mkongo wa Lille
Jumanne, saa 1:50 jioni

Kwetu Congo ni vilevile, Katiba ya 2006 kipengele cha 10 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Halafu kila mmoja anajua wakubwa wangapi wana pasipoti ya Ulaya kwenye mfuko wa ndani wa koti. Sheria yangu: anayekataza jambo aonyeshe mifuko yake kwanza.

Kutoka: Kijana wa Slough
Jumanne, saa 1:58 jioni

Imepita kwa kauli moja.

Kutoka: Dada wa Aberdeen
Jumatano, saa 11:20 alfajiri

Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi. Nami naomba kuchangia.

Mimi ni mhudumu wa wazee, nilikuja kwa viza ya kazi hiyo. Kuanzia 11 Machi 2024 wanaoomba viza ya aina hii hawaruhusiwi kuleta mume wala watoto. Karatasi zangu ziliingia baada ya tarehe hiyo. Wenzangu niliosoma nao kozi moja, waliowahi, wanawapeleka watoto wao shule hapa hapa. Wangu wako Morogoro na bibi yao. Mdogo amejifunza kuendesha baiskeli mwezi jana, nimeona video, lakini aliyeshika simu alikuwa anacheka kwa hiyo picha inatikisika, sikumwona uso.

Sheria yangu: anayetaka kupitisha sheria ya kumtenga mama na mtoto aanze yeye, mwaka mmoja. Akimaliza aje apige kura.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumatano, saa 3:00 asubuhi

Mjadala huu unanikumbusha jambo. Kulikuwa na mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, Locri. Demosthenes, mhutubu wa Athens ya kale, anasimulia kwamba huko mtu aliyetaka kuleta sheria mpya alisimama kuitetea akiwa na kitanzi shingoni. Watu wakiona inafaa, inapita, anaenda nyumbani. Wakiona haifai, kitanzi kinakazwa palepale. Anasema katika miaka zaidi ya 200 walipata sheria mpya moja tu. Nayo ilitoka kwa chongo! Sheria yao ilikuwa jicho kwa jicho. Huyu bwana alikuwa na jicho moja, adui yake akamtishia kwamba atalitoboa. Akaona: yeye akilitoboa langu mimi nimekuwa kipofu, akitobolewa lake moja bado anaona. Akasimama na kitanzi chake, akasema atakayemtoboa chongo jicho atobolewe yote mawili. Ikapita.

Nawauliza nyote mliopendekeza hapa, nani yuko tayari kuvaa kamba? Nchi zetu zina sheria nyingi mno kwa sababu anayeitunga haimgusi.

Kutoka: Shangazi wa Milton Keynes
Jumatano, saa 3:25 asubuhi

Mzee, hadithi tamu, lakini huyo chongo ndiye sisi sote hapa. Kila mtu analeta sheria ya jicho lake. Kijana wa Slough analetea basi lake, Mpemba mikarafuu yake. Na mimi msinisahau: ada ya kutuma pesa. Umoja wa Mataifa walikubaliana 2015 kwamba ikifika 2030 gharama ya kutuma isizidi asilimia 3. Nani kati yenu anatuma kwa asilimia 3? Wanakuandikia "ada sifuri" kwa herufi kubwa, halafu wanakukata kwenye kiwango cha kubadilishia. Sheria yangu: waandike shilingi ngapi mama atapokea, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Mengine yote kwa herufi ndogo.

Na kamba navaa.

Kutoka: Kijana wa Slough
Jumatano, saa 6:10 mchana

Shangazi hapo umegusa. Naongeza kifungu: ndugu akipiga simu "nakusalimia tu" asalimie tu kweli. Ombi likija baada ya dakika ya tatu lisihesabiwe.

Dada wa Tanga, Desemba ukienda Muheza utuletee machungwa, si ndiyo msimu wenyewe?

Kutoka: Shangazi wa Milton Keynes
Jumatano, saa 6:30 mchana

Machungwa ya Muheza ni mwezi wa sita, wa saba. Desemba ni maembe. Hawa watoto wa Dar wanadhani matunda yanaota Kariakoo.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumatano, saa 6:52 mchana

Kuna msimu mdogo wa mwisho wa mwaka. Nimekaa Tanga. Basi lilikuwa likisimama pale Muheza, vijana wanapandisha vikapu dirishani, unamenyewa lako kwa kisu kile chembamba mpaka ganda linatoka utepe mmoja haukatiki, wanakata kikofia juu, unafyonza mpaka Segera. Haya ya hapa ya kwenye wavu mwekundu ni mapambo. Nimewahi kulisahau moja kwenye gari Novemba, nimelikuta Pasaka, halijabadilika hata rangi.

Kutoka: Mpemba wa Croydon
Jumatano, saa 7:15 mchana

Hujala chungwa la Pemba wewe.

Kutoka: Mkenya wa Birmingham
Jumatano, saa 9:40 alasiri

Tukirudi kwa mambo ya maana. Sheria ambayo mngehitaji kwanza ni ya kura. Sisi tulio nje tulianza kupiga kura ya rais 2013 kwa walio nchi za Afrika Mashariki, na 2022 hata hapa Uingereza vituo vilikuwepo. Ni rais pekee, mbunge hapana, na foleni ilikuwa ndefu, lakini mwanasiasa akijua una kura anajibu barua. Nyinyi hamna kura mkiwa nje, kwa hiyo nani atahangaika na h ya mtu?

Kutoka: Mwanafunzi wa Tartu
Jumatano, saa 10:05 jioni

Kwa hili nakubaliana na Mkenya, inaniuma kusema. Na sheria yangu mimi: intaneti isizimwe. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa, na kwa siku kadhaa sikujua kama nyumbani ni wazima. Mama anakaa karibu na barabara kuu. Nilikuwa nikimtumia ujumbe kila saa, kitiki kimoja, kitiki kimoja. Nikawa naangalia mpaka mahali palipoandikwa alionekana mara ya mwisho saa ngapi. Siku ilipofunguliwa ujumbe wake wa kwanza ulikuwa: umekula?

Kutoka: Mtu wa Luton
Jumatano, saa 10:20 jioni

Waliozima walikuwa na sababu zao. Watu mko nje mnachochea, huku ndani tunaotaka amani ndio tunaoumia.

Kutoka: Mwanafunzi wa Tartu
Jumatano, saa 10:22 jioni

"Huku ndani" ya Luton?

Kutoka: Mpemba wa Croydon
Jumatano, saa 10:24 jioni

Haya ndiyo yaliyotufikisha hapa. Mtu akisema namtafuta mama yangu anaambiwa anachochea. Wafiwa wapo, waulizeni wao kuhusu amani.

Kutoka: Msimamizi
Jumatano, saa 10:50 jioni

NDUGU ZANGU. Kanuni namba 2. Tulikubaliana baada ya yaliyotokea mwaka juzi kwamba siasa za vyama zinakwenda kwenye lile kundi jingine. Ujumbe wa Luton uliofuata nimeuzuia, na wa Croydon uliofuata pia, kwa usawa. Mkiendelea nafunga mada.

Halafu kichwa cha barua bado kinasema NIDA. Dada aliuliza maswali mawili tangu Jumatatu.

Tangazo: mchango wa msiba wa Coventry, waliotoa ahadi wakamilishe kabla ya Ijumaa, mwili unasafiri Jumapili. Na aliyeazima sufuria kubwa za jumuiya siku ya Idi azirudishe, hatuulizi maswali.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumatano, saa 12:15 jioni

Mimi nilishamjibu. Kiapo.

Kutoka: Shangazi wa Milton Keynes
Jumatano, saa 12:17 jioni

Na mimi nilishamjibu. SI kiapo.

Kutoka: Binti wa Tanga (Reading)
Jumatano, saa 2:40 usiku

Nawashukuru wote. Nimepigia simu wakili wa hapa, anasema anaweza kuniapisha lakini hajui kama huko watakubali, niulize ofisi. Nimepigia ofisi, wanasema niulize wakili. ETD hakuna aliyenijibu hata mmoja. Kuna aliyesafiri nayo? Hata wa nchi nyingine.

Dada wa Aberdeen, nimekuandikia pembeni. Na mimi nimewahi kufanya zamu hizo.

Nikipewa Bunge mimi nitapitisha kitu kidogo tu: dada wa kaunta awe na kitufe cha pili. Yeye mwenyewe alikuwa anaona kabisa kwamba ni mimi. Kanilinganisha na picha, kacheka, kasema "ni wewe dada, ila mfumo". Apewe kitufe cha "ni yeye", aweke jina lake chini, na akikosea awajibike.

Kutoka: Asiyetaka Jina
Jumatano, saa 3:05 usiku

Dada nina mtu pale Dar anamaliza hayo siku mbili. Nitumie namba yako pembeni.

Kutoka: Shangazi wa Milton Keynes
Jumatano, saa 3:06 usiku

USITUME NAMBA. Huyo "mtu" tunamjua. Wapo waliobaki na risiti.

Kutoka: Mkenya wa Birmingham
Alhamisi, saa 2:20 asubuhi

Wazo. Tovuti ya maombi ya Bunge la hapa: sahihi 10,000 serikali inajibu, 100,000 wanafikiria kuijadili. Haihitaji uwe raia, ukiwa mkazi tu unatia sahihi. Tuanzishe ya Dada wa Aberdeen, ile ya watoto. Nani anaandika? Kiingereza kizuri, siyo cha hasira.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Alhamisi, saa 2:45 asubuhi

Naandika mimi. Nitaileta Jumamosi tuipitie. Shangazi asahihishe, atasahihisha tu hata nisipomwomba.

Kutoka: Wa Northampton
Alhamisi, saa 4:10 asubuhi

NAOMBENI NITOLEWE KWENYE JAMVI HILI. Nilishaandika. Simu inalia kazini kama kengele ya shule, bosi ananiuliza kama kuna msiba.

Kutoka: Msimamizi
Alhamisi, saa 4:15 asubuhi

Ndugu, kiungo cha kujitoa kipo chini kabisa ya kila barua. Bonyeza mwenyewe.

Kutoka: Wa Northampton
Alhamisi, saa 4:32 asubuhi

Nimebonyeza, inanitaka neno la siri ambalo sijawahi kupewa.

Basi kwa kuwa bado nimo, na mimi natoa ya kwangu. Nimejenga Kibaha kupitia shemeji. Kila mwezi napokea picha: msingi, matofali, lenta, nafurahi, natuma. Mwaka huu rafiki yangu amepita pale, ananiambia ile lenta ni ya jirani, na jirani mwenyewe anaitwa "injinia" mtaani kwa sababu kila mtu anakuja kumpigia picha nyumba yake. Kiwanja changu kina mihogo. Mizuri, anasema.

Kwa hiyo sheria: picha ya ujenzi inayotumwa nje ya nchi isipokelewe mpaka fundi awe amesimama mbele ya ukuta na gazeti la siku hiyo mkononi, kichwa cha habari kisomeke, na nyuma yake aonekane mjumbe wa mtaa. Asiyekuwa na gazeti asitumiwe hela ya saruji. Sasa nitoeni.